Je, Kunyamaza Ndiyo Haya?



Nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni hapa Bujumbura, hedhi yangu iligoma kuisha. Kwa kawaida huchukua siku 6. Safari hii damu ilipokoma ulifuata ute wa kahawia wenye harufu, pamoja na maumivu chini ya kitovu. Siku ya 10 sikusali. Siku ya 20 bado sikusali. Mwenzangu wa chumbani alipotandika msala, nilijifanya nasoma. Nilijiambia kwamba msichana mwenye haya hasemi mambo haya.

Leo najiuliza: ile ilikuwa haya, au hofu iliyovaa buibui la haya?

Fatima bint Abi Hubaysh alimwendea Mtume (s.a.w.) mwenyewe, akamweleza kuwa damu yake haikatiki, je, aache Sala? Hakukemewa. Alifundishwa kwamba ile ni damu ya mshipa, si hedhi. Siku zake zikipita ajisafishe na asali. Wanawake wengine walimpelekea Bibi Aisha pamba yenye umanjano, naye akawaambia wasifanye haraka mpaka waone weupe. Nani atathubutu kusema hao hawakuwa na haya?

Hatimaye nilimwuliza ustadha wetu. Akanieleza kuwa katika madhehebu ya Imam Shafi hedhi haizidi siku 15. Yangu ilipovuka hapo, nilirudi kwenye ada yangu ya siku 6. Zilizobaki zilikuwa istihadha. Mwenye istihadha hujisafisha, hujifunga vizuri, hutawadha kila wakati wa Sala ya faradhi unapoingia, na husali. Nikahesabu: siku 14, Sala 70. Deni.

Kisha akanihimiza niende hospitali, kwa kuwa fiqhi haitibu maradhi. Daktari alikuta maambukizo, akasema ningekuja mapema. Nikajifunza kwamba ute mweupe au mwangavu usio na harufu mbaya ni wa kawaida, na kahawia kidogo mwishoni mwa hedhi aghalabu ni damu iliyochelewa kutoka. Lakini ute mzito kama maziwa ya mgando pamoja na mwasho, ute wa kijivu wenye harufu ya samaki, ute wa kijani, damu katikati ya mwezi, au maumivu ya tumbo la chini, hayo ni ya kumwona daktari. Kujiosha ndani kwa sabuni huongeza madhara.

Haya ni katika imani. Kazi yake ni kutuzuia na maasi, si kutuzuia na elimu. Haya inayokupotezea Sala na afya kwa pamoja inamtumikia nani?

Sala zangu 70 nimezilipa, moja baada ya kila faradhi, kwa wiki mbili. Ila nawafikiria walio vyumbani sasa hivi, vitabu mbele, wakijifanya wanasoma. Dada yangu, ukimwona mmoja, mwulize kwa upole. Na wewe kaka, mkeo au dada yako akikuuliza, usicheke.

Wallahu aalam.