Macho Yaliyoinama Mbele ya Jopo

Miongoni mwa mambo ambayo mtoto wa Kitanzania hufunzwa kabla hajajua kusoma ni namna ya kuuweka mwili wake mbele ya mkubwa. Hufunzwa kupokea kitu kwa mikono miwili, au kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukigusa kiwiko. Hufunzwa kutopita katikati ya wazee wanaozungumza, na ikimlazimu kupita, apite akiinama. Katika sehemu nyingi za Kanda ya Ziwa mtoto wa kike hupiga goti anapoamkia. Zaidi ya hayo yote, hufunzwa kutomkazia macho aliyemzidi umri. Neno lenyewe shikamoo, ambalo asili yake ni kushika miguu, laonyesha mahali ambapo macho ya mwamkiaji yalitarajiwa kuwa. Na asiyejali hayo lugha yetu haikumwacha bila jina: ana macho makavu. Wengi wetu tukisikia neno utamaduni hukumbuka ngoma na vinyago; lakini adabu hii ya macho nayo ni utamaduni, tena ule tunaotembea nao kila siku.

Mtoto huyo hukua, akasoma, akahitimu. Siku moja huitwa kwenye usaili. Huingia chumbani akakuta watu watatu au watano nyuma ya meza ndefu, wote wa rika la wazazi wake, kila mmoja na karatasi ya alama. Huamkia, hukaa ukingoni mwa kiti, hukusanya mikono mapajani, na anapoulizwa hujibu kwa sauti ya chini akiitazama meza. Jibu laweza kuwa sahihi kabisa. Lakini penye safu ya kujiamini, mmoja wao huandika alama mbili katika kumi.

Ndugu msomaji, yafaa tujiulize: je, ni haki mtu apunguziwe alama kwa kuwa amelelewa vema? Na kwa upande wa kijana, je, akijifunza kukaza macho ili apate kazi, amejifunza adabu nyingine, au amejifunza kudanganya?

Zamani, wahitimu wengi wa vyuo vyetu walipangiwa kazi na Serikali, na mwili wa mtu haukuhitaji kumtetea. Siku hizi mlango ni mwembamba. Mwezi Juni 2014, Idara ya Uhamiaji ilipokuwa na nafasi 70, walioitwa kwenye usaili walizidi 10,000, hata ikabidi wakusanywe katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Penye umati wa namna hiyo msaili hapati siku ya kumjua mtu. Ana dakika chache, na katika dakika chache jicho huhukumu kabla ya sikio.

Wapo wanaowafundisha vijana kwamba sehemu 93 katika 100 za ujumbe wa mtu hubebwa na uso na sauti, na maneno hubeba 7 tu. Hesabu hiyo yatokana na majaribio ya Albert Mehrabian, msomi wa huko California, yaliyochapishwa mwaka 1967. Majaribio yenyewe yalihusu neno moja moja lililotamkwa, na hisia ya kupenda au kutopenda. Mwenyewe amekwisha kueleza kwamba hayakuhusu mazungumzo yote ya wanadamu. Kadhalika husemwa kuwa mwongo hakutazami usoni. Imani hiyo imeenea duniani, lakini mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walipokusanya matokeo ya majaribio mengi, walikuta kwamba wanaojaribu kumtambua mwongo kwa kumtazama na kumsikiliza hupatia mara 54 hivi katika 100. Anayerusha shilingi hewani hupatia 50. Basi msaili anayejigamba kuwa humsoma mtu kwa macho yake hana ushahidi mkubwa wa kujivunia.

Turudi kwa kijana. Mimi sioni kuwa kuufunza mwili ni uongo. Tunapoulizwa hujambo, hujibu sijambo hata kichwa kikituuma, wala hakuna atuitaye waongo. Ndipo yafuatapo maelezo. Mshairi naye huyabana maneno yake katika mizani kumi na sita, wala mizani haimfanyi aseme asichokiamini. Kijana wetu amekwisha kujifunza lugha ya kwao, kisha Kiswahili, kisha Kiingereza. Na ajifunze lugha ya nne, ya meza ndefu: angoje aambiwe akae, aketi mgongo ukiwa umeegemea kiti, wala asikunje nne, mikono ionekane, amtazame anayeuliza wakati anapouliza, kisha jibu aligawe kwa wote. Akishindwa kutazama macho, atazame kati ya nyusi, hakuna atakayejua. Uongo huanza pale mwili unapodai ujuzi ambao kichwa hakina. Hao nao tunao maofisini, waliopanda kwa mabega mapana, na barua wanazoandika hurudishwa kila wiki.

Lakini mzigo huu hatuwezi kumtwisha kijana peke yake. Msaili ni mkubwa, na kwa mila zetu mkubwa ndiye amwondoleaye mdogo woga. Aanze kwa kuuliza habari za safari, maana wengine wamelala ndani ya basi. Alama ya jibu aiandike kabla ya alama ya mkao. Kama kazi ni ya kusimama mbele ya watu, ualimu mathalani, mkao upimwe. Kama ni ya kutunza majalada au kupima maji, sioni kwa nini macho yaliyoinama yamnyime mtu riziki.

Na wasichana? Hao wamewekwa pabaya zaidi. Aliyefunzwa kupiga goti akiinamisha uso huandikwa mwoga. Akiuinua, akamtazama mwenyekiti sawasawa na kujibu kwa sauti kavu, yuko mjumbe atakayemnong'oneza mwenzake kwamba huyu hana adabu, ataleta taabu ofisini. Karatasi ni ileile, jopo ni lilelile, na ndugu yake wa kiume aliyeketi hivyohivyo nusu saa kabla yake ameandikiwa: anajiamini.