Shujaa na Mzaha

Je, mzaha humwondolea shujaa heshima? Mwaka 1997 ilitoka filamu ya Marekani iitwayo Batman & Robin, ya nne katika mfululizo ulioanza mwaka 1989. Watu waliotazamia ushujaa walipewa vichekesho: adui alitania juu ya barafu huku akiua, na shujaa alishindana mnadani kwa kadi yake ya benki. Mwongozaji wake, Joel Schumacher, aliomba radhi baadaye.

Lakini kicheko peke yake si kosa. Sisi wa pwani tunaye Fumo Liyongo, ambaye Muhamadi Kijumwa wa Lamu alimtungia utenzi mwaka 1913. Alipokuwa kifungoni, Liyongo aliomba ngoma ya gungu ichezwe. Watu walipokuwa wakishangilia, yeye alikata minyororo kwa tupa aliyoletewa ndani ya mkate wa wishwa. Furaha ile iliificha hatari, haikuikana. Mwishowe aliuawa na mwanawe mwenyewe, na hapo hakuna anayecheka.

Basi, msomaji, mzaha ulio karibu na hatari ni ujasiri, na mzaha unaoifuta hatari ni upuuzi. Asiye na cha kupoteza hawezi kutufunza ushujaa.