Juu ya Kufuga Kiumbe Asiye na Sauti

Liko swali ambalo twaweza kulidhani ni dogo, kumbe ni kubwa: Mtu amfungiapo kiumbe ili apate kumtazama tu, ana wajibu gani kwake? Sisi tukaao Moshi na mlimani tu mbali na bahari, lakini na tutwae mfano wa samaki wa baharini, maana kwake swali hili laonekana wazi.

Katika pwani ya Afrika ya Mashariki yuko samaki mdogo wa jamaa ya gobi, ambaye wataalamu humwita Valenciennea. Aina zake ni kadha wa kadha, na wengi wao hawapiti shibiri moja. Wengi huishi wawili wawili, dume na jike, katika shimo walilolichimba mchangani chini ya mawe. Naye hutafuta chakula hivi: hujaza kinywa mchanga, huuchunga ndani, minyoo na vidudu hubaki, na mchanga hutoka penye matamvua. Ndiyo kazi yake mchana kutwa.

Kwa ajili ya kazi hiyo watu humpenda, maana huusafisha mchanga. Huko Kenya wako wapiga mbizi wanaojipatia riziki kwa kukamata samaki wa mapambo kwa nyavu ndogo. Nao hutiwa katika mifuko ya maji na hewa, wakapelekwa kwa ndege mpaka Ulaya na Marekani. Desturi hii ya kutazama samaki katika kioo si mpya. Katika bustani ya wanyama ya London nyumba ya namna hiyo ilifunguliwa mwaka 1853. Leo mtu aweza kujifanyia bahari sebuleni, akitia chumvi kadiri ya gramu 35 katika kila lita ya maji.

Lakini chumvi si bahari. Mchanga wa tangi jipya ni safi, hauna kitu kilicho hai. Samaki huuchunga tangu asubuhi hata jioni asipate kitu, na mwenyewe humtazama akafurahi, akisema, "Tazama jinsi anavyofanya kazi!" Kumbe afanya kazi kwa kuwa ana njaa. Baada ya majuma machache tumbo limebonyea, naye hufa; kisha hununuliwa mwingine.

Je, kosa li wapi? Wengine husema ni kufuga kwa ajili ya macho tu, maana ng'ombe hutoa maziwa na mbolea, na samaki huyu hatoi kitu. Mimi sioni hivyo. Twapanda maua penye nyumba zetu wala hatulaumiwi. Na ng'ombe naye, ajapokuwa na faida, aweza kudhulumiwa. Faida haimtakasi mfugaji, wala furaha haimhukumu.

Na tuangalie desturi ya Wachaga. Tangu zamani, kwa kuwa vihamba vimesongamana na malisho ni haba, ng'ombe hufungwa nyumbani. Lakini wanawake hushuka mpaka nyikani, hukata majani na kuyapandisha mlimani kichwani. Hapo pana sheria isiyoandikwa: aliyemzuia mnyama asiende kutafuta, na atafute yeye.

Labda mtu atajibu, "Hata baharini samaki huyu huliwa na wakubwa." Ni kweli; lakini bahari haikuchukua dhamana ya mtu wala samaki. Wewe ulipomtoa, uliichukua.

Tena ng'ombe akiona njaa hulia, hata jirani wakasikia. Samaki hana sauti. Basi wajibu haupungui kwa ajili ya ukimya wake, bali huzidi, kwani asiyeweza kudai hutegemea maarifa ya mfugaji peke yake. Amtakaye samaki huyu na aliache tangi likomae miezi mingi, liwe na mchanga laini wenye viumbe hai, amlishe mara kadhaa kila siku, na kulifunika asije akaruka nje. Asiyeweza hayo, amwache baharini.

Wala neno hili halikomi kwa samaki. Katika nyumba za mjini wamo watoto walioletwa kutoka vijijini ili wasaidie kazi. Twawaona wakifagia na kufua tangu alfajiri hata usiku, nasi twasema, "Mtoto huyu ni hodari, hanung'uniki." Je, tumeuliza kama ameshiba, kama amepelekwa shule, kama awalilia walio kwao? Yeye ni mtu, na thamani yake haipimiki na ya samaki. Lakini kosa letu ni lile lile, kuona kazi na kudhani ni shibe.

Lugha yetu yatumia neno moja, kuchunga, kwa achekechaye unga na kwa alindaye kundi. Kiumbe aliye huru hujichungia chakula chake. Tukimfungia, yatupasa sisi kuwa wachungaji wake. Basi kila mmoja wetu na atazame ni nani aliye chini ya mkono wake asiye na sauti, wala asiulize tu anafanya nini, bali aulize anakula nini.