Mshipa ni Wake, Kikao ni Chetu

Nani ana haki ya kuamua mgonjwa apasuliwe au asipasuliwe: yeye mwenyewe, au sisi tunaochanga? Kwetu Ipogolo, chini ya mlima wa kupandia Iringa mjini, swali hili lilikaa nasi kwenye kikao cha ukoo na hakuna aliyelitamka. Aliyekuwa akijadiliwa ni baba yetu mdogo. Alikuwa amelala chumba cha pili, na jina la ugonjwa wake hakulijua.

Ugonjwa wenyewe ni saratani ya figo iliyoingia kwenye mishipa mikubwa. Kwa wagonjwa kati ya 4 na 10 katika kila 100, saratani hii huota kama ulimi ndani ya mshipa wa figo, ikaendelea hadi vena kava, mshipa mkubwa unaorudisha damu ya miguu na tumbo kwenye moyo. Ulimi huo unaweza kuishia jirani na figo, ukapanda nyuma ya ini, au ukaingia ndani ya moyo wenyewe. Mkojo huweza kuwa na damu, miguu ikavimba. Kipande kikikatika kikaenda kwenye mapafu, mtu anaweza kufa ghafla.

Tumaini kubwa hapo ni kisu. Madaktari huondoa figo, hubana mshipa juu na chini ya donge, huufungua, hutoa ule ulimi, kisha hushona. Ukiwa mfupi, kazi ni nzito lakini imezoeleka kwa mabingwa. Ukiwa umefika moyoni, huenda ikahitajika mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu kwa muda, na wapasuaji wa moyo wawepo. Kwetu Nyanda za Juu Kusini hiyo ni safari: kushuka Kitonga, kupita Mikumi, karibu kilomita 500 hadi Dar es Salaam, ilipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanza mwaka 2015. Na ndugu wa kutoa damu wawe tayari.

Sasa hesabu yake. Asiyepasuliwa, mara nyingi umri uliobaki huhesabiwa kwa miezi. Aliyepasuliwa kabla saratani haijasambaa kwingine, karibu nusu huwa hai baada ya miaka 5. Lakini ulimi ukiwa umepanda juu sana, mmoja kati ya kumi, pengine zaidi, hufa mezani au siku chache baadaye. Na hesabu hizi zimetoka zaidi katika hospitali kubwa za Marekani na Ulaya.

Shangazi alisema, "Tukimwambia, tutamuua kabla ya kisu." Baba mkubwa akasema shamba la miti la Mufindi liuzwe, mwenyewe ataambiwa anakwenda kutolewa uvimbe. Siwalaumu. Walikuwa wanampenda, na mapenzi ya kwetu hubeba mzigo kimyakimya. Tena wana hoja: mtu ni watu. Shamba lile ni ada ya watoto, ni uzee wa mama mdogo. Anayeuziwa mali ana haki ya kusema.

Ila hapo ndipo tulipokuwa tunachanganya maswali mawili. La kwanza ni hili: tutoe nini? Hilo ni la ukoo mzima. La pili: ahatarishe nini? Hilo ni la mwenye mshipa. Mchango unanipa sauti kwenye la kwanza. Haunipi kura kwenye la pili, hata niuze nyumba. Na kama mtu ni watu, basi na yeye ni mmoja wa hao watu. Kikao cha ukoo kinachomfungia mlango mwanaukoo, jamani, kina ukoo gani ndani yake?

Aliambiwa jioni, taratibu, na baba mkubwa mwenyewe. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza: "Nisipopasuliwa, nitayaona mahindi ya mwaka huu?" Halafu: "Na nikifia huko, mtanirudisha kwa nini, ikiwa miti yote mmeshauza?" Hakuna mtu kwenye kikao aliyefikiria gharama ya kusafirisha maiti. Yeye ndiye aliyeifikiria. Akamalizia: "Nitakwenda. Lakini miti uzeni nusu. Nusu ni ada."

Tulidhani tunamlinda asivunjike moyo, kumbe tulikuwa tunajinyima kichwa kilichokuwa kinaona mbali kuliko vyetu.

Mwisho wa safari ile siuandiki hapa, na nina sababu. Ukisikia alipona, utasema uamuzi ulikuwa mzuri. Ukisikia alifia mezani, utasema afadhali asingeambiwa, angekula siku zake kwa raha. Lakini uamuzi haupimwi kwa kilichotokea baadaye. Kumpeleka kwa hila akapona kungekuwa bado ni hila. Kumwambia ukweli akafa kungekuwa bado ni heshima. Daktari atasema kinachowezekana, ukoo utasema kinachopatikana. Kati ya hayo mawili kuna mtu mmoja atakayelala chini ya taa, na ukubali wake hauwezi kuchangwa kama nauli.