Huzuni na Kalenda

Kila Desemba televisheni hutuletea filamu za Krismasi, nyingi zikiwa zimetengenezwa Marekani, na kisa chake mara nyingi ni kilekile. Mjane au yatima ameichukia sikukuu tangu afiwe. Anatokea mtu mwema. Usiku wa mkesha machozi yanakauka na jamaa wote wanaketi mezani. Wajukuu wangu huzipenda, nami huketi nao. Wako wazee wenzangu wanaozibeza kwamba ni mambo ya kizungu. Siafikiani nao. Mfiwa kuhitaji watu wake si uzungu.

Kinachonitatiza ni kalenda. Mfiwa wa filamu hupewa saa moja na nusu, na mwisho wake ni tarehe 25.

Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, matope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaingia Katesh na vijiji vya jirani. Watu 89 walikufa. Krismasi ilifika siku 22 baadaye. Je, ni haki kumtazamia mama aliyezika watoto wake wiki zile awe amechangamka kwa kuwa kengele ya kanisa imelia? Baadaye zilijengwa nyumba 109 huko Waret kwa ajili ya walioathirika, jambo jema kabisa. Katika filamu, siku ya kukabidhiwa ufunguo ingekuwa ndiyo tamati.

Wairaqw wa zamani walikuwa na metimani. Aliyefiwa na mtoto, au na mwenzi wake, alitengwa kwa muda mrefu, asiingie nyumba za watu, kwa hofu kwamba mauti yaliyomgusa yangewafikia wengine. Sitamani turudi huko. Desturi ile ilimwacha mtu peke yake saa aliyowahitaji wenzake kuliko zote, na waliobeba mzigo wake hasa ni wanawake. Hata hivyo haikumharakisha mtu. Filamu zetu hizi zina majirani tele, ila subira hazina.

Nasema hivyo, lakini ipo moja ya mwaka 1972, The House Without a Christmas Tree, iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni. Baba mmoja wa Nebraska hataki mti wa Krismasi nyumbani kwake, kwa sababu unamkumbusha marehemu mkewe. Binti yake, Addie, amefikisha miaka kumi bila kuwa na mti. Hatimaye baba anauleta, pamoja na nyota iliyokuwa ya mama yule. Watazamaji wengi huililia ile nyota. Mimi humtazama zaidi bibi yake Addie, mama mzazi wa huyo baba, anayeishi nao humo ndani. Mwanawe ana hasira na kimya kingi, naye bado yupo, anaendesha nyumba, anamlea mtoto.