Je, Wafu Watudai Kitu?

Mtu akirithi nyumba ya babu yake, ni yake kuifanya apendavyo. Ndivyo wasemavyo wengi. Walakini nyumba ya Mungu hairithiwi na mtu mmoja. Je, wale walioijenga kwa mikono yao, nao wamekwisha kufa, watudai kitu sisi tulio hai? Au deni lao limezikwa pamoja nao? Habari ya kanisa moja dogo la Uingereza yaweza kutusaidia.

Kaskazini mwa nchi ile, katika jimbo la Durham, kipo kijiji kiitwacho Escomb, karibu na mto Wear. Kanisa lake lilijengwa yapata mwaka 675, nalo ni mojawapo ya makanisa ya kale kabisa ya Uingereza yaliyosalia karibu kamili. Si kubwa: mahali pa kukaa watu urefu wake ni kama futi 43, na upana futi 14 tu, lakini kuta zake ni nene, tena zaenda juu sana. Madirisha yake ya kwanza ni madogo, yako juu, nayo yamepanuliwa upande wa ndani, ili mwanga kidogo uingiao upate kuenea.

Mawe yake mengi hayakuchongwa kwa ajili ya kanisa. Yalitwaliwa katika boma la askari wa Kirumi huko Binchester, lisilo mbali, maana Warumi walikwisha kuondoka Uingereza zaidi ya miaka 200 kabla. Hata leo jiwe moja ukutani laonyesha alama ya jeshi la sita la Kirumi, na herufi zake zimepinduka juu chini. Waashi hawakuifuta alama ile. Walilipa jiwe kazi nyingine, isipotee kazi njema ya mikono ya wageni.

Sasa tazama yaliyofuata. Katika karne ya 19 machimbo ya makaa ya mawe yalileta watu wengi, kanisa likawa halitoshi. Mwaka 1863 likafunguliwa kanisa jipya, na lile la kale likaachwa, likaanza kuharibika. Je, watu wale walikosa? Kwa kujenga hawakukosa. Kanisa ni kwa ajili ya wanaosali, wala wafu hawawezi kututaka tusimame nje mvuani kwa heshima yao. Hata waashi wa kale walibomoa ili wajenge. Lakini wao walitwaa mawe ya boma lililokwisha kuachwa. Kanisa la Escomb lilikuwa na wenyewe, nalo lilihitaji kutunzwa tu. Basi kosa lilikuwa katika kuacha. Wahenga walisema: Usiache mbachao kwa msala upitao.

Ikawa hivyo. Kati ya mwaka 1875 na 1880 kanisa la kale lilitengenezwa. Lile jipya likabomolewa katika karne ya 20, na watu wakarudi kusali katika kuta za kale. Walakini tusilijibu swali letu kwa bahati ya majengo. Hata kama kanisa jipya lingalisimama mpaka leo, deni lingalikuwapo.

Maana deni lenyewe ni lipi? Si kuyaabudu mawe, wala kukataa kila kitu kipya. Wafu hatuwezi kuwalipa, kwa kuwa hawana haja tena ya paa wala ya ukuta. Twawalipa watoto wetu, kwa kuwapokeza kizima kile tulichopokea kizima. Na deni hili si la makanisa ya mawe tu. Kanisa la miti na udongo nalo lilijengwa na watu waliobeba maji na kukanda udongo bila ujira. Basi, msomaji, uonapo ufa ukutani, usiseme, Hili si langu. Uzibe mapema, kabla ya mvua.