Je, Kilichoruhusiwa ni Chema?

Twapenda tuwaze pamoja juu ya neno moja: sheria ikiondoa katazo, je, jambo lile limekuwa jema?

Tuitazame nchi ya Marekani. Sheria ya serikali kuu ya mwaka 1970 iliiweka bangi katika daraja la kwanza la vitu vya kulevya vilivyokatazwa, kana kwamba haina kazi yo yote ya dawa. Lakini mwaka 1996 raia wa jimbo la California walipiga kura, na wagonjwa wakapata ruhusa ya kuitumia kwa shauri la daktari. Mwaka 2012 raia wa Colorado na wa Washington walikwenda mbele zaidi, wakamruhusu mtu mzima wa miaka 21 kuitumia kwa anasa tu. Basi mwaka 2014 mtu aliinunua dukani Colorado mchana kweupe. Naye akivuka mpaka nayo kuingia Kansas, alikuwa mhalifu. Mmea ni ule ule, na mtu ni yule yule. Je, wema na ubaya hubadilika mpakani? Hasha! Sheria hunena ni nani atakayeadhibiwa. Haineni ni nani aishiye vema.

Wako watakaosema, "Basi, heri katazo lingebaki." Nasi hatuwezi kuitikia upesi, maana katazo nalo lina hesabu yake. Huko watu weusi na weupe huivuta karibu sawasawa, lakini mwaka 2018 weusi walikamatwa zaidi ya mara 3 kuliko weupe kwa kadiri ya wingi wao. Sheria impigayo mmoja na kumwacha mwenzake kwa kosa lile lile, haina haki. Tena mwaka huo huo serikali kuu yenyewe iliikubali dawa iliyotolewa katika mmea huo, kwa ajili ya wenye aina kali za kifafa, hata watoto wadogo. Mama amwonaye mwanawe akianguka kila siku, nani atamwambia aikatae?

Lakini dawa ina kipimo chake, nayo humrudisha mgonjwa katika kazi yake. Anasa haina kipimo ila tamaa. Wako washindwao kuiacha, na ubongo wa kijana, usiokomaa bado, hudhurika zaidi.

Kwa hiyo aliyepewa ruhusa hakutuliwa mzigo, bali ameongezewa. Jana askari alimzuia. Leo imempasa ajizuie mwenyewe. Tusiulize tu, "Je, nitafungwa?" Tuulize, "Je, jambo hili lanijenga, au laniharibu mimi na jirani yangu?"